Mshono wa Mkono wa Kulia

Arua, 12 Juni 1988

Mama yangu Rosina,

Gunia lilifika Ijumaa kwa lori la Soro, kavu, halikunyeshewa hata tone. Nilivimwaga vishikio vya sufuria kitandani nivihesabu, na kabla sijafika nusu nikajua si wewe uliyevishona. Usibishe. Wewe ni mashoto, Mama. Mishono yako ya pindo inalalia upande mmoja, na hii yote inalalia upande wa pili. Tangu tulipokimbilia Sudan mwaka wa themanini mpaka tuliporudi mwaka jana, nimekaa mbele yako nikiitazama sindano yako ikija kutoka upande nisioutegemea, na imenichoma mara nyingi. Mkono wako siwezi kuukosea.

Ningenyamaza, lakini yule sista wa jikoni hakuninyamazia. Amekuja leo baada ya misa, ameshika kishikio kimoja kwa vidole viwili, amekiweka mbali na kanzu yake. Kimeyeyuka. Aliinulia sufuria ya maharage, kumbe ndani kulikuwa na kitambaa cha tetroni, kikayeyuka na kumganda kiganjani. Mama, ni wewe uliyeniambia tetroni haiingii kwenye kishikio hata mtu akikushikia bunduki. Blanketi kuukuu la kambini katikati, pamba tupu juu na chini, basi. Nimemwomba sista msamaha mpaka mdomo umekauka. Halafu nimekaa chini nikafumua pindo za vingine vyote nitazame ndani, na nimevikuta viwili vingine vya namna hiyo hiyo.

Nani anashona? Unaumwa? Niambie kweli, maana siku hizi roho yangu iko juujuu tu. Hapa sokoni haipiti wiki bila mtu kuniambia Lado ameonekana: mara yuko Aru, mara Ariwara, mara Kisangani anauza chumvi. Mume wangu, tuliyepoteana naye tukikimbia, anaonwa na kila mtu isipokuwa mimi. Natandika meza yangu, napanga vishikio, na kila mwanamume mrefu akipita kwa nyuma nageuka. Shingo imeanza kuuma kwa kugeuka.

Viktoria anakusalimia. Anasema bibi asisahau karanga. Nimekuwekea mabaki mengine ya vitambaa kwenye gunia, mazuri safari hii, na usiyatie tetroni.

Mwanao,
Elena


Koboko, 21 Juni 1988

Mama Viktoria,

Kumbe mwanangu Lado nilimwoza polisi wa sindano. Hapa mvua iko, mihogo iko, usalama iko, na mimi niko. Siumwi. Nilijimwagia maji ya ugali mkononi, huo huo wa kushoto, kwa hiyo nimepata msichana wa kunisaidia. Bado anajifunza. Habari ya tetroni nimemwambia. Alitaka kulia, nikamwambia machozi hayafumui mshono, chukua wembe. Mpelekee sista kishikio kingine bure na umwambie mama mkwe wako amezeeka.

Haya, yangu yamekwisha. Sasa tupekue mzigo wako.

Mimi nimezunguka na mume wangu kambi za jeshi, Mungu amrehemu, Jinja, Masindi, Mbarara, na Kiswahili hiki ninachokuandikia nilikiokota huko pamoja na jicho la kukagua magunia. Mabaki unayonitumia siku hizi si mabaki. Mabaki ya fundi yanafagiwa chini ya cherehani. Yana vumbi, yana ncha tatu tatu, yana maganda ya karanga. Haya yako yananifikia yamepigwa pasi. Yamekunjwa. Vipande vya mraba, pembe zake sawa, na kimoja kilikuwa karibu nusu ya kitenge kizima. Hakuna fundi duniani anayekata kitambaa hivyo halafu akakiita taka, labda kama anamkatia mtu. Nauliza tu. Mdomo wa mwanamke mzee hauwekewi kizuizi cha barabarani.

Pitia alikuja tena juzi, amelewa. Unamjua huyo mdogo wa mumeo wa mama mwingine, akinywa glasi moja anakuwa chifu. Anasema ukoo ukae, Lado ahesabiwe kuwa amekufa, halafu wewe na Viktoria muingie nyumbani kwake kama desturi ilivyo. Nilimfukuza kwa mwiko, na ulikuwa na ugali. Wewe kaa huko huko Arua, somesha mtoto. Ukoo utakaa siku nitakayosema mimi.

Mama yako,
Rosina


Arua, 9 Julai 1988

Mama yangu Rosina,

Fundi anayenipa mabaki ni mzee mmoja wa Ajia. Hana meno hata moja. Ananihurumia kwa sababu nina mtoto na ana pasi ya mkaa ambayo haina kazi nyingi. Umeridhika?

Vishikio vya safari hii vizuri. Niseme haki: vizuri kuliko vyangu. Msichana wako ametia maua mekundu ya mishono ya msalaba, nyuma safi kama mbele, huoni fundo hata ukitafuta. Mke wa daktari amechukua vyote vyenye maua na anataka vingine. Lakini Mama, huko Koboko nzima nawajua wanawake wote wanaoweza kudarizi hivyo, na hakuna msichana kati yao. Na kuna kishikio kimoja nimekiweka pembeni, sikukiuza. Kimeshonwa kwa kitenge cha njano chenye ndege wa bluu. Kila kipande kinachotoka kwangu nakifua mwenyewe, nakijua. Hicho sikukituma mimi. Na ukingoni kuna tundu la kifungo, dogo, la shati la mtoto. Kimetoka wapi?

Pitia amekuja mpaka hapa sokoni. Alikaa kwenye kiti changu bila kuambiwa, akajipepea kwa kishikio changu, akasema mke wa kaka ni mke wa nyumba, na cherehani nitakayopata siku moja itakuwa ya nyumba pia. Viktoria alijificha chini ya meza mpaka alipoondoka. Pitia alipokuwa anainuka aliniambia, "Mama yenu anajua kitu, anakikalia kama kuku." Ni maneno ya mlevi, najua. Lakini hayajanitoka. Nashona halafu nafumua. Usiku nikisikia lori barabarani naamka nasikiliza kama litasimama.

Mama, una habari ya Lado? Sitaki hadithi wala mzaha. Nijibu neno moja tu, ipo au haipo.

Elena


Koboko, 3 Agosti 1988

Elena,

Haipo.

Kitenge nilikinunua kwa mchuuzi wa Zaire. Msichana naye ametoka huko huko, Ingbokolo, ni mtu wa upande wa mama yangu, alifundishwa kudarizi na masista. Sikukwambia kwa sababu hukuuliza vizuri, uliuliza kama askari.

Sikukuu ya Bikira Maria mwaka huu usije. Barabara mbaya, na nyumba inavuja, hakuna pa kulala. Karanga za Viktoria nitampa Soro.

Msalimie huyo mzee wako asiye na meno. Kwa umri wake mkono wake bado haujatetemeka, pembe za vitambaa vyake zimenyooka sana.

Rosina


Arua, 27 Agosti 1988

Mama Rosina,

Mwaka jana nilichelewa siku moja kwa sikukuu, ukaninunia mpaka jioni. Mwaka huu unaniambia nisije. Nyumba inavuja? Nyumba ile tuliiezeka pamoja mwezi wa pili. Nyasi nilizibeba mimi kwa kichwa hiki. Haiwezi kuvuja.

Basi nilimkalisha Soro. Nilimpa chai, nikampa chapati, nikampa nyingine, na hakuondoka mpaka alipoyatapika yote. Nyumbani kwako hakuna msichana. Kuna mwanamke mtu mzima, na ana mtoto wa kiume anayekimbia uwanjani, na mtoto huyo anakuita bibi. Soro amemjua Lado tangu wakiwa wadogo wanachunga mbuzi. Anasema mtoto ana paji la Lado, na akitembea anaweka mikono nyuma kama yeye. Anasema alipotaka kumsalimia mtoto ulimwita ndani haraka.

Nimeelewa, Mama. Mwanao amerudi. Amerudi na mke wa Zaire na mtoto wa kiume, na mmemficha ndani mpaka mtakapopata namna ya kuniambia. Au hamtafuti namna. Mnangoja nichoke mwenyewe niende zangu Adumi kwa wazazi, ili isemwe Elena ndiye aliyevunja nyumba. Na mimi huku nimesimama juani nauza alivyoshona mke mwenzangu, namsifia maua kwa wake za madaktari.

Nimelia mpaka nimekasirika, na sasa niko hasira tupu. Kule kambini ulipougua nilikubeba mgongoni mpaka kwa mganga wa wakimbizi, Viktoria nikamfunga mbele. Watu walisema mkwe habebwi hivyo, ni aibu, nikawaambia huyu si mkwe wangu, huyu ni mama yangu. Nilikuwa mjinga. Damu ni damu, na mimi nilikuwa kibarua tu wa nyumba yenu.

Mwambie Lado aje mwenyewe. Asitume barua, asimtume Soro. Asimame mbele ya meza yangu aniambie hanitaki, nisikie kwa masikio yangu, basi nitamwachia.

Na kwa kuwa ni siku ya kweli, sikiliza na yangu. Mzee wa Ajia si mzee na ana meno yote. Anaitwa Dramadri. Ana cherehani kwenye baraza karibu na soko, mkewe alifariki, na ni kweli vitambaa ananikatia, vingine anavinunua kabisa halafu ananiambia vimebaki. Anataka kwenda Adumi kuzungumza na baba yangu. Kila aliponiuliza nilimjibu mimi ni mke wa mtu, hata watu waliponicheka. Ameniambia atauliza mara ya mwisho Jumapili ya pili ya Septemba, kisha hatauliza tena, naye ni mtu wa kusema kweli. Safari hii nitamjibu vingine.

Elena


Koboko, 2 Septemba 1988

Dada Elena,

Mimi ndiye yule msichana. Jina langu ni Kiden, mimi ni mutu wa Ingbokolo. Kiswahili yangu ni ya Zaire, utanisamehe. Mama hajui kama naandika. Ameenda kupalilia mtama, na barua yako ameibeba ndani ya nguo, lakini alinisomea yote jana, na aliposoma pale unasema kibarua sauti ilikatika.

Kaa kwanza ndiyo usome.

Lado hakurudi. Lado alikufa. Alikufa kwetu mwaka huu mwezi wa nne. Ilikuwa kifua, alikohoa tangu Noeli mpaka akabaki mifupa. Mimi na kaka zangu tulimzika nyuma ya kanisa, na msalaba iko, na jina iko. Siku ya kwanza alipokuja kwetu aliniambia ana mke na mutoto wa kike, hakunificha. Kila mwaka alisema mwaka ujao atavuka mpaka. Kwanza aliogopa wanajeshi. Kisha wanajeshi wakaacha kutafuta watoto wa askari wa zamani kama yeye, akaanza kukuogopa wewe. Mbele ya kufa aliniambia, mpeleke Jale kwa mama yangu, amwone.

Nilifika mwezi wa tano. Mama alikuwa amekaa mlangoni anashona pindo la kishikio. Nilimwambia. Aliendelea kushona mpaka uzi ulipokwisha, akaukata kwa meno, akachomeka sindano kwenye majani ya nyumba pale juu ya mlango. Mpaka leo hajaishika. Mkono wake haukuungua, dada. Hawezi tu.

Kwetu na kwenu desturi ni moja: ukifika kwa mama ya marehemu unapiga yowe, na watu wakisikia yowe wanakuja, na hapo ndipo mutu amekufa kweli. Nilifungua mdomo nipige yowe. Mama aliniziba kwa kiganja. Akasema, "Nyamaza. Ukilia hapa, kesho Pitia anakuja na wazee. Matanga yakiisha Elena ni mke wa Pitia, na mutoto ni wa Pitia. Elena atakataa, namjua, atakimbia, na mimi nitakuwa nimezika wawili." Akasema kama hakuna aliyelia, hakuna aliyekufa.

Basi tumekaa hivyo. Tunachota maji, tunapika, jirani akipita tunamsalimia. Mimi nikizidiwa nakata vitunguu, na kuna siku mboga haina kitunguu hata kimoja na bado nakata. Mama hakati hata vitunguu. Chakula anaonja anaacha. Wazee wanasema mficha maradhi kilio humfichua. Sisi tumeficha kilio chenyewe, na ninaogopa kitamuua mama.

Ndege wa bluu ni shati ya Jale iliyombana, niliikata bila kufikiri. Na tetroni nisamehe. Kule kwa masista tulishona vitambaa vya meza tu, na meza haina moto.

Sikuja kuchukua kitu chako. Ukisema nirudi kwetu nitarudi. Usimkasirikie mama.

Kiden


Koboko, 4 Septemba 1988

Elena mwanangu,

Barua yako imechakaa kwa kusomwa. Umekosea. Lado hayuko hapa. Njoo upekue, fungua hata vyungu. Mwanamke iko, mtoto iko, sikatai, ni jamaa zangu, na hilo paji la uso ni la ukoo wetu wote, hata mimi ninalo, vua kitambaa changu utaliona.

Kibarua usiniandikie tena. Nipige kofi ukitaka, lakini neno hilo usilirudie.

Sasa huyo Dramadri. Nilimjua tangu gunia la kwanza lenye pasi. Mwanamume anayepiga pasi taka anataka mke. Huenda ni mtu mzuri. Lakini usimjibu. Mumeo atarudi. Kama si mwaka huu, mwaka ujao. Unamjua Lado hapendi haraka. Hata kuzaliwa alichelewa, mkunga alilala akaamka na mimi bado nasukuma. Ukimtuma dukani anapita kwanza kuangalia mpira. Ni mtu wa kuchelewa tu, moyo wake mzuri. Akifika na wewe umekwisha kuolewa, nitamwambia nini? Ngoja kidogo. Mwambie huyo fundi akupe mpaka Noeli.

Nasema hivi si kwa kukufunga kamba. Au ni kwa kukufunga, sijui tena. Siku hizi nikikaa sina raha, nikisimama sina raha, nazunguka uwanja huu mpaka kuku wananishangaa. Usiniache, Elena. Nimesema. Sina jingine.

Mama yako,
Rosina


Arua, 8 Septemba 1988

Mama yangu Rosina,

Soro ameniletea barua mbili kwa safari moja, yako na ya Kiden. Ya Kiden nimeanza nayo kwa sababu sikuujua mwandiko. Usimgombeze. Hakukusaliti, amekuonea huruma, na alikuwa amechoka kukata vitunguu.

Kisha nikafungua ya kwako. Nilipofika pale unaposema Lado hapendi haraka, nilishindwa kuendelea. Nikakunja meza yangu mchana kweupe, jirani zangu sokoni wakafikiri nimeibiwa. Mpaka sasa sijalia. Nikilia hapa watasikia watu wa Arua tu, na hawa hawamjui.

Nilikukasirikia, Mama, na bado kidogo nakukasirikia. Tangu mwezi wa tano nageuza shingo sokoni kwa ajili ya mtu aliyekwisha lala nyuma ya kanisa. Ungeniambia. Tungeuficha pamoja huo msiba kama tulivyoficha unga kambini. Na yeye nimemkasirikia zaidi. Ingbokolo ni karibu, mtu anaondoka asubuhi na jioni amefika, naye aliona mpaka ni mrefu kwa sababu mimi nilikuwa upande wa pili. Hayo nitamwambia mwenyewe kwenye kaburi lake, Kiden atanionyesha njia.

Dramadri hakungoja Jumapili, aliniona nimefunga meza akanifuata nyumbani. Nilimwambia nimefiwa na mume. Aliinama, akavua kofia. Baadaye akauliza jibu lake liko wapi. Nilimjibu ndiyo, ila nina kazi kwanza Koboko, na sijui wazee watanishika muda gani. Amesema atangoja. Labda atangoja, labda atachoka, siwezi kumlalia mtu mlangoni. Wewe jua tu kwamba nimesema ndiyo, nimelisema mwenyewe, usije ukalisikia kwa Soro.

Pitia nitamkatalia mbele ya wazee wote, kwa sauti ya kusikika. Watapiga meza. Watasema Viktoria ni wao, na hilo naliogopa, sikufichi. Huenda wakamchukua. Wewe utakuwepo, na mwiko wako uwepo. Lakini siwezi kumwacha mtu amekufa tangu mwezi wa nne na mke wake hajamlilia, kwa sababu tu namwogopa mlevi.

Kiden asiende popote. Jale ni ndugu wa Viktoria, nimekwisha kumwambia, naye ameuliza kama anajua kuruka kamba. Na wewe usiniandikie tena habari za kuachwa. Nimesikia wanaume wanaacha wake, sijasikia mahali popote mtu ametoa talaka kwa mama mkwe.

Nafika Jumamosi kwa lori la Soro, mimi na Viktoria. Msipike, msifagie. Wewe na Kiden mkae ndani na mlango uwe wazi. Najua ulichokuwa ukikiogopa, zaidi ya Pitia na wazee wake. Uliogopa kwamba sauti ya kwanza itakayosema Lado amekufa itatoka kinywani mwa mama yake. Haitatoka kwako, Mama. Mimi ni mke mkubwa, kazi hiyo ni yangu. Nitaanza kupiga yowe kule barabarani lori linaposimama, na nitakuja nalo mpaka uwanjani, Koboko nzima ijue. Ukishanisikia, ndipo ulie.

Elena